Ofa na bei ya kuanzia mnadani: ipi inaiua mwenziwe?

Ndugu yetu kauliza hivi: kaona sarafu eBay, ule mtandao wa kuuziana na kunadi vitu, mnada umeanzia pauni 8 na hakuna dau hata moja, lakini chini yake kuna kitufe cha kutuma ofa. Katuma ofa ya pauni 10. Muuzaji kimya. Sasa anahofia mtu akitia dau la pauni 8 itakuwaje, kwa kuwa ofa yake ni kubwa zaidi.

Itakuwa hivi: ofa yako imekwenda na maji. Dau la kwanza likiingia tu, kitufe cha ofa kinaondoka na ukubwa wa ofa yako haumshughulishi mtu. Pauni 8 za mnadani zinashinda pauni 10 za pembeni.

Mimi mwenyewe ilinichukua muda kuelewa, kwa sababu sisi bei tunaijua kwa kushuka. Ukienda soko la Kongowea hapa Mombasa, mwenye mali anataja 500, wewe unasema 200, mnavutana mpaka 300 na kila mmoja anaondoka akidhani kamla mwenzake. Mnada bei yake hupanda. Kile kitufe cha ofa ni Kongowea iliyopachikwa juu ya mnada, na hizo mbili hazikai nyumba moja. Maadamu hakuna aliyetia dau, muuzaji yuko huru kupatana na yeyote. Mtu mmoja akishatia, ameitikia bei ambayo muuzaji aliiweka mwenyewe, na kuanzia hapo anayeitaka mali ashindane naye hadharani.

Nilifunzwa na sarafu hizi hizi. Nakusanya pesa za Mombasa, zile za Kampuni ya Imperial British East Africa zenye mizani, jina la mji wetu na mwaka 1888. (Neno letu "pesa" lenyewe limetokana na paisa ya Kihindi, kwa hiyo hizi ndizo pesa hasa.) Nyingi naziona kwa wauzaji wa Uingereza. Ndiyo, mtu wa Mji wa Kale analipa pauni kurudisha pesa ya mtaani kwao, nicheke au nilie sijui.

Ya kwanza ilianzia pauni 12. Nikajiona mjanja, nikatuma ofa ya 15. eBay inampa muuzaji saa 48 za kujibu, naye akazitumia kukaa kimya. Kumbe nilikuwa nimemfanyia kazi yake: nimemwonyesha kwamba yuko mtu wa kulipa zaidi ya bei ya kuanzia, basi aharakie nini? Siku ya pili mtu akatia dau la 12, mlango wa ofa ukafungwa, na mwisho wa wiki ikaenda kwa pauni 41. Mimi nilikuwa nimeshaiacha njiani.

Ya pili ilianzia pauni 4, na ofa zinapokelewa. Safari hii sikuandika ofa. Nilitia dau la 4 saa ile ile, si kwa kutaka kushinda nalo, bali kuwafungia wengine mlango wasije wakapatana na muuzaji usiku nimelala. Kisha nikangoja. Mnada ulikuwa unafungwa saa mbili usiku ya Uingereza, kwetu saa tano kwa kuwa ilikuwa Januari. Dakika ya mwisho nikaweka kikomo changu, yaani bei ya juu kabisa niliyokuwa tayari kulipa: pauni 19. Mfumo hautangazi kikomo. Unakupandishia hatua kwa hatua, kiasi tu cha kumpita mwenzako. Mwenzangu alikuwa ameishia 11, hatua ni nusu pauni, nikalipa 11.50.

Bei ya kununua papo hapo nayo mara nyingi hutoweka dau la kwanza likiingia, kwa hiyo hila hiyo hiyo inafanya kazi.

Kuna ofa nyingine inayokuja baada ya mnada. Mshindi akikwama kulipa, muuzaji anaweza kumgeukia aliyeshindwa na kumuuzia kwa dau lake la juu kabisa. Ndiyo sababu kikomo usikiweke kwa hasira: kinaweza kukurudia kama ofa. Ila ikija kwa barua pepe ikikutaka ulipe nje ya eBay, ifute. Mimi kuna muuzaji aliwahi kuniandikia pembeni tumalizane kimya kimya, sikumjibu.

Kwako wewe, ndugu: ofa ya 10 juu ya bei ya kuanzia ya 8 imeshatoka, na muuzaji akiikubali umefungwa kununua, kwa hiyo usitume nyingine kwa muuzaji mwingine kama mfuko ni mmoja. Saa 48 zikipita bila jibu, usiiongeze. Tia dau la 8, ukae na saa.