Karatasi ya Rangi ya Waridi: Kosa la Ulevi Barabarani Lilivyoingia Darasani Kwangu

Usiku wa Jumamosi moja ya Oktoba 2017, kusini mwa California, askari aliniamuru nitembee hatua tisa juu ya mstari, kisigino kikigusa vidole, nigeuke, kisha nirudi hatua tisa nyingine. Nilikuwa na umri wa miaka 22, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya uuguzi mwenye viza ya F-1, yaani viza ya wanafunzi wa kigeni, nikitoka kwenye sherehe ya Watanzania wenzangu ambako nilikunywa bia kadhaa juu ya nyama choma nyingi na kujihesabu kuwa mzima. Hatua ya sita ya kurudi ilinishinda. Kipimo cha pumzi kilisoma asilimia 0.10 ya pombe kwenye damu, ilhali kikomo cha jimbo lile ni 0.08, na kufika saa kumi alfajiri nilikuwa nimekaa mahabusu, viatu na mkanda vikiwa vimewekwa mfukoni na mtu mwingine.

Ubaya wa kuendesha gari ukiwa umelewa kila mtu anaujua, na mimi niliujua hata usiku ule, kwa hiyo sitauhubiri. Ninachotaka kumweleza mwanafunzi aliye ughaibuni, na mzazi anayemlipia ada, ni jambo ambalo hakuna aliyenieleza: mahakama iliniadhibu waziwazi na kwa kiasi kinachojulikana, lakini masomo yangu yaliumizwa na ofisi nyingine kabisa, ambazo hazikumsubiri hakimu.

Ya kwanza ilikuwa idara ya leseni za magari, DMV. Askari alichukua leseni yangu na kunipa karatasi ya rangi ya waridi, ambayo ndiyo leseni ya muda ya siku 30. Niliikunja, nikaitia ndani ya kitabu cha famakolojia, nikaisahau. Katika maandishi yake madogo ilisema kwamba nilikuwa na siku 10 tu za kuomba kusikilizwa na DMV, la sivyo leseni ingesimamishwa yenyewe. Mimi nilikuwa nasubiri tarehe ya mahakama, mwezi Desemba, nikiamini kwamba kabla ya hapo hakuna litakalotokea. Sikujua kwamba kukamatwa mara moja huko California huzaa mashauri mawili, moja la hakimu na jingine la leseni, na kwamba kila moja hufuata kalenda yake. Katikati ya Novemba leseni yangu ilisimamishwa kwa miezi minne.

Miezi minne inasikika kama adhabu nyepesi mpaka utazame ratiba. Muhula uliofuata nilipangiwa mafunzo kwa vitendo katika hospitali iliyokuwa umbali wa maili 27 kutoka chumbani kwangu, zamu ikianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na basi la kwanza la siku lilifika pale saa moja na dakika ishirini. Mwanafunzi mwenzangu alinibeba wiki mbili za mwanzo, kisha zamu yake ikabadilishwa. Nilichelewa mara tatu, na kanuni ya kozi ilikuwa kwamba anayechelewa mara ya tatu huondolewa. Mwezi huohuo nilipata leseni yenye mipaka, iliyoruhusu kwenda kazini na kwenye darasa la lazima la wakosaji wa pombe, na chuo hakikutajwa popote. Kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kupanga vitabu katika maktaba ya chuo, sheria ilinikubalia kuendesha gari hadi chuoni kwa ajili ya rafu, lakini si hadi hospitalini kwa ajili ya wagonjwa. Nimecheka jambo hilo baadaye sana; wakati ule halikuchekesha.

Kuondolewa kwenye kozi ile kulinishusha kutoka krediti 14 hadi 9, na hapo ndipo kosa la barabarani lilipogeuka kuwa suala la uhamiaji. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye F-1 anatakiwa kusoma mzigo kamili, ambao kwa vyuo vingi ni krediti 12, na sababu zinazokubalika za kupunguziwa ni chache: ugonjwa, ugumu wa kimasomo wa mwanzoni, au kubakiwa na masomo machache katika muhula wa mwisho. Kufukuzwa kwa kuchelewa hakumo. Mshauri wa wanafunzi wa kigeni alinitafutia somo la historia la krediti tatu lililoanza katikati ya muhula, nalo lilisomwa kwa mtandao peke yake. Somo moja tu la namna hiyo huruhusiwa kuhesabiwa katika mzigo kamili. Kama ningekuwa tayari nina jingine, ningekosa pa kushika. Ukiwa katika hali hiyo, usiache somo lolote kabla ya kuzungumza na mshauri huyo, hata kama mwalimu mwenyewe amekuambia uache.

Barua pepe ya ubalozi ilikuja mwezi Januari, na iliniarifu kwa sentensi chache kwamba viza yangu imefutwa. Niliwaza kwamba ni kwa sababu nilikiri kosa mahakamani. La hasha. Tangu Novemba 2015 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ina utaratibu wa kufuta viza ya mtu aliyekamatwa kwa kuendesha akiwa amelewa ndani ya miaka mitano iliyopita, na kukamatwa kunatosha, hata kabla ya hukumu. Mshauri alinifafanulia kwamba viza ni ya kuingilia mlangoni, ilhali haki ya kubaki na kusoma inategemea hali yangu ya uanafunzi na fomu ya I-20 inayotolewa na chuo, kwa hiyo ningeweza kuendelea na masomo. Lakini nikitoka nje ya nchi, ningelazimika kuomba viza upya, kujibu kwenye fomu kwamba nimewahi kukamatwa, na kupelekwa kwa daktari aliyeteuliwa na ubalozi anichunguze kuhusu pombe. Mwezi Machi bibi yangu alifariki dunia, na nikamwona akizikwa Muheza kupitia simu ya binamu yangu, iliyokuwa ikikatika kila dakika mbili.

Tofauti hiyo kati ya viza na hali ya uanafunzi ni ya kweli kisheria, ila usiifanye ngome. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilifuta rekodi za maelfu ya wanafunzi wa kigeni katika SEVIS, mfumo ambao serikali huutumia kuwafuatilia wanafunzi hao, wakiwemo waliokuwa na makosa madogo ya barabarani, na ilirudi nyuma mwezi Aprili baada ya kesi nyingi kufunguliwa mahakamani.

Kuhusu mahakama yenyewe sina mengi. Nilikiri kosa baada ya mazungumzo ya dakika kumi hivi na wakili wa utetezi anayelipwa na serikali, tukiwa tumesimama kwenye korido. Faini ya msingi ya dola 390, ilipoongezewa tozo za mahakama na za kaunti, ilikaribia dola 2,000. Nilipewa miaka mitatu ya kifungo cha nje na miezi mitatu ya darasa la wakosaji, kila Jumatano jioni, saa zilezile za maabara yangu ya fiziolojia. Kosa langu kubwa pale koridoni lilikuwa kutomwambia wakili kwamba mimi si raia. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 2010 katika shauri la Padilla dhidi ya Kentucky, wakili wa utetezi ana wajibu wa kumshauri mteja asiye raia juu ya athari za uhamiaji kabla hajakiri. Mwambie mwenyewe, sentensi ya kwanza kabisa. Wala usitegemee ahadi kwamba rekodi itafutwa baadaye, maana kilichofutwa na mahakama ya jimbo kwa kawaida bado kinaonekana mbele ya maofisa wa uhamiaji.

Vijana wetu wenye ukaazi wa kudumu hali yao ni nafuu kidogo. Kosa la pombe barabarani peke yake haliondoi haki ya msaada wa masomo wa serikali ya shirikisho, ingawa ufadhili wa taasisi binafsi mara nyingi una kifungu cha mwenendo, na kifungu hicho kisomwe kabla ya kuhitajika.

Jambo lililonigharimu kuliko yote nililifanya mwenyewe. Nilimficha baba kwa miezi mitano, nikamwambia kwamba ada imepanda, naye akauza ng'ombe wawili. Mficha uchi hazai: siku nilipomweleza ukweli alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza tangu Oktoba, yaani ni ofisi zipi zinazotakiwa kujua na kila moja inataka nini. Tuliandika orodha pamoja kwa simu. Nilihitimu mwaka 2020, mwaka mmodi nyuma ya wenzangu, na bodi ya leseni za wauguzi, iliyokwisha kuona alama zangu za vidole, ilitaka hati za mahakama, cheti cha darasa la wakosaji na maelezo yangu ya maandishi. Vyote vilikuwa kwenye faili moja, juu yake ile karatasi ya waridi.

Mwezi uliopita kijana mmoja kutoka Arusha alinipigia simu usiku akilia, akiniambia kwamba wamemwachia jana. Nilimuuliza karatasi iko wapi, akasema iko kwenye begi. Nikamwambia aitoe, anisomee tarehe, kisha tukahesabu siku pamoja. Zilikuwa zimebaki tisa.