Limfoma kali ya seli B: jibu la jeni huanzia kwenye kopo la fomalini

Mgeni wa maabara ya patholojia inayopima limfoma (saratani ya seli za kinga) huvutiwa haraka na FISH, kipimo cha jeni chenye vidoa vyekundu na kijani. Subiri kwanza. Kipimo cha jeni kikigoma, mara nyingi kosa lilishatokea chumba cha upasuaji, au njiani kutoka Mbagala kuja Upanga, kopo likichemka juani nyuma ya bodaboda.

Kinyama bora ni tezi nzima. Sindano nyembamba huleta seli zilizotawanyika. Zinatosha kutia shaka, ila hazionyeshi mpangilio wa tezi. Tezi ikiwa ndani kabisa ya tumbo au kifua, kubali sindano nene lakini omba nyuzi kadhaa. Ukipewa nafasi ya kuchagua, shingo au kwapa ni afadhali kuliko kinena, kwa sababu tezi za kinena huwa zimejaa makovu ya vidonda vya miguu. Uliza pia kama mgonjwa ameshaanza prednisolone. Dawa hiyo husinyaza limfoma, nawe ukabaki unaangalia seli zilizokufa.

Hapa kwetu tezi ya shingo hudhaniwa kwanza kuwa kifua kikuu, na wapo wanaoletwa baada ya miezi ya dawa za TB. Kwa hiyo tezi ikifika mbichi, ikate kabla ya fomalini. Kipande kidogo kitie kwenye salaini safi kwa ajili ya GeneXpert (kipimo cha TB), gusisha uso uliokatwa kwenye slaidi mbili tatu za rangi ya Giemsa, kisha iliyobaki ikate vipande vya milimita 2 hadi 3.

Fomalini iwe ya bafa: mililita 100 za fomaldehaidi ya dukani (37–40%), mililita 900 za maji yaliyotoneshwa, gramu 4 za sodiamu dihidrojeni fosfeti monohaidreti na gramu 6.5 za daisodiamu hidrojeni fosfeti kavu. Ukiruka hizo chumvi, asidi hujijenga, slaidi hujaa punje nyeusi na DNA hukatikakatika. Ujazo uwe mara 10 ya kinyama. Fomalini hupenya takriban milimita 1 kwa saa, ndiyo maana tezi nzima iliyotumbukizwa bila kukatwa huwa nzuri pembeni na imeoza katikati, na joto la Dar haliisubiri. Saa 12 hadi 24 zinatosha. Ikipita saa 72 FISH inaanza kusumbua, basi angalieni sampuli za Ijumaa mchana. Kopo liwe la mdomo mpana (kinyama laini huingia kwenye chupa ya maji, kikishakuwa kigumu hakitoki) na lebo ikae ubavuni, kamwe si kwenye kifuniko. Mfupa wa uboho lainisha kwa EDTA, kemikali inayotoa kalsiamu taratibu. Asidi ya nitriki ni ya haraka lakini inaua FISH.

Bloku ya nta yenye nyuzi nyembamba ikifungwa kwenye mikrotomu (mashine ya kukatia), kata slaidi zote siku hiyo hiyo: ya hematoksilini na eosini, na nyingine kama kumi na mbili zisizotiwa rangi, mikromita 3 hadi 4. Kila bloku inaporudishwa kusawazishwa, kinyama kinapotea bure.

Kingamwili (hushika protini maalumu za seli ili zionekane kwa rangi) za mwanzo ni CD20, alama ya seli B, na CD3, alama ya seli T. Seli kubwa zikiwa za B, endelea na CD10, BCL6, MUM1, BCL2, MYC na Ki-67 (huonyesha seli zinazogawanyika), ukiongeza CD5 na siklini D1 ili limfoma ya mantle, aina nyingine ya seli B, isikupite. TdT usiisahau seli zikionekana changa. Mpango wa Hans wa 2004, wa kutafuta asili ya seli, unatumia kikomo cha 30%: CD10 ikiwa chanya, asili ni kitovu cha jeminali (sehemu ya tezi ambako seli B hukomaa); CD10 hasi na BCL6 hasi, siyo kitovu; CD10 hasi na BCL6 chanya, MUM1 ndiyo inayoamua: ikiwa chanya siyo kitovu. Seli za MYC zikifika 40% na za BCL2 zikivuka 50%, andika kuwa protini zote mbili zimejitokeza. Hilo halithibitishi kwamba jeni zimevunjika, na daktari wa wodini huchanganya mambo haya mawili kila mara.

CD20 ikiwa hasi usikimbilie kusema si seli B. Kwa mwenye VVU aliye na uvimbe mdomoni, fikiria limfoma ya plazmablasti (seli B zilizokaribia kuwa seli za plazma): pima CD138, MUM1 na EBER (kipimo cha virusi vya Epstein-Barr). Kwa aliyewahi kupewa rituximab, dawa inayolenga CD20, tumia PAX5 au CD79a, alama nyingine za seli B.

Ki-67 ya karibu 100% peke yake haifanyi ugonjwa uwe Burkitt, limfoma ya seli B inayokua kwa kasi mno. Unahitaji pia CD10 na BCL6 chanya, BCL2 hasi au hafifu, TdT hasi, na MYC iliyovunjika.

Kwenye FISH anza na probu (kipande cha DNA chenye rangi) ya kuvunjika kwa MYC, iliyoko 8q24 kwenye kromosomu ya 8. Ikiwa chanya, nenda BCL2 (18q21) na BCL6 (3q27). Fedha zikiwa chache, tanguliza wenye asili ya kitovu, maana MYC na BCL2 zilizovunjika pamoja hupatikana karibu zote huko. Pepsini, kimeng'enya cha kumeng'enya protini za kinyama, ikizidi, viini hubaki maganda. Ikipungua, ukungu wa kijani hufunika kila kitu. Kabla ya kuhesabu, tazama limfositi za kawaida pembeni: zisipong'aa, rudia. Kikomo chako kipime kwa tonsili za kawaida za maabara yenu, kwa sababu kisu hukata viini na kuacha alama pungufu. Probu ya MYC huwakosa baadhi; ukiishuku Burkitt sana, ongeza ya t(8;14), yaani kubadilishana vipande kati ya kromosomu ya 8 na ya 14.

Mtoto mwenye uvimbe wa taya asisubiri FISH. Burkitt inaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Piga simu wodini kwa majibu ya awali, andika saa na jina la aliyepokea, na kwenye ripoti taja waziwazi vipimo ambavyo havijafanyika.