Meno ya Kupandikiza na Kipimo cha MRI: Usikubali Kurudishwa Nyumbani Kama Mimi

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Tanga aliniandikia akiuliza kama ang'olewe jino alilopandikizwa, kwa kuwa ameandikiwa kipimo cha MRI ya shingo, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa mashine yenye sumaku kali, na jirani yake amemtia hofu kwamba sumaku ya mashine ile italichomoa jino pamoja na taya. Nilimjibu usiku uleule kwamba asing'oe chochote.

Swali hilo liliwahi kunigharimu mwezi mzima. Nilikuwa na maumivu makali ya kichwa, nikaandikiwa MRI ya ubongo, na kwenye fomu nikaeleza kwa uaminifu kwamba nina meno mawili ya kupandikiza. Kijana wa mapokezi aliisoma, akaisukuma karatasi kwangu juu ya kaunta, akasema, "Mama, wewe una chuma, hatuwezi." Hakumwita mtaalamu wa mionzi, nami sikuuliza. Nilikaa nyumbani nikiamini kwamba nina uvimbe kichwani, na mpaka leo nikiukumbuka mkono ule ukisukuma karatasi, roho inaniuma.

Aliyeniokoa ni daktari wangu wa meno. Alitoa kwenye droo skrubu kama zile zinazoshikilia meno yangu kwenye mfupa wa taya, akaigusisha sumaku, na skrubu haikutikisika. Alinieleza kwamba ni ya titani, madini ambayo Per-Ingvar Brånemark wa Sweden aligundua katika miaka ya 1950 kuwa mfupa huyashika kabisa, na ambayo hayavutwi na sumaku kama chuma cha kawaida. Kisha akaniandikia barua yenye aina ya kipandikizi, madini yake na tarehe ya kupandikizwa.

Hospitali ya pili waliisoma barua, wakanipima. Tayani sikuhisi kitu. Kwenye picha palikuwa na doa jeusi karibu na meno, lakini ubongo ulionekana vizuri, na uvimbe haukuwepo.

Kwa hiyo, ndugu zangu, daini barua hiyo siku mnapopandikizwa, msingoje kuugua. Andikeni kila kitu kwenye fomu, na mkikataliwa, ombeni kuonana na mtaalamu wa mionzi mwenyewe. Meno bandia ya kuvua yavuliwe. Kama yanashikiliwa kwa sumaku, semeni mapema, kwa sababu hiyo ndiyo hatari ya kweli: mashine inaweza kuivuta sumaku hiyo au kuiharibu. Kama kinachopimwa ni ulimi au taya, semeni pia, maana doa lile linaweza kuficha ugonjwa wenyewe. CT-Scan, kipimo kingine cha picha za ndani ya mwili, hutumia eksirei, haina sumaku, ila madini huacha michirizi kwenye picha. Narudia, ulizeni, na mkijibiwa kwa mkato ulizeni tena, kwa sababu mwili ni wenu.

Msomaji wangu ameniandikia tena jana. Barua ameshaipata, na kipimo chake ni Jumatano.