Jibu: Siku haina radi Entebbe, niende wapi?
Habari ndugu. Nimekuelewa: umekuja kupiga picha za radi za Ziwa Viktoria, leo anga ni shwari, na hutaki kwenda mbali ukakosa za usiku.

Nenda kinamasi cha Mabamba. Dhoruba za ziwani hukomaa usiku hadi alfajiri, pepo za nchi kavu zinapokutana juu ya maji ya vuguvugu, kwa hiyo mchana hupotezi kitu. Huko huendwa kwa mtumbwi, kwa hiyo kwanza waulize mabaharia wa Nakiwogo, bandari ndogo ya Entebbe, kuhusu upepo, wakisitasita, usipande. Nauli patana kabla hujakanyaga mtumbwini. Mtafute korongo nyangumi, ndege mkubwa mwenye mdomo mpana, mla samaki aina ya kamongo. Husimama kama sanamu, basi beba lenzi ndefu na subira.

Bustani ya mimea ya Entebbe, ya mwaka 1898, iko karibu zaidi, ila mimi ningeiweka kiporo.