Jibu: Picha za nyuzi 360 kuangukia mtaa usio wake

Ndugu, umeuliza kwa nini picha zako za nyuzi 360 (zinazoonyesha pande zote) hazikai mahali pake kwenye ramani ya Mapillary, mtandao wa kupakia picha za mitaani. Angalia saa ya kamera kwanza. Kamera nyingi za aina hii hazina GPS ndani, hivyo picha hupewa mahali kwa kulinganisha saa yake na njia iliyorekodiwa na simu. Ukitembea mita 1.4 kwa sekunde, saa ikichelewa sekunde 10 tu, picha imehama mita 14! Ukikata kona ndiyo kabisa, inarukia mtaa mwingine. Mimi kabla ya kuanza huipiga picha saa ya simu kwa kamera hiyo, sekunde zikionekana, ndipo najua tofauti ya saa hizo mbili. Na lenzi zifute zote mbili. Nyuso za watu, Mapillary huzifunika yenyewe.