Usingoje Mkesha: Kurudi kwa Mungu na kwa Watu Wake

Mwaka unapokaribia kwisha, watu ninaosali nao huniuliza swali lilelile, na wale walioacha kusali nasi huniuliza pia: nifanye nini ili mwaka ujao imani yangu isiwe baridi hivi? Wengi wana jibu lao tayari. Watafunga mwezi mzima wa Januari. Watamaliza Biblia yote kabla ya Desemba nyingine. Wataamka alfajiri kusali, na hawatakosa ibada hata moja. Sina neno baya juu ya mipango hiyo, maana nimeona mingine ikizaa matunda mema. Ila mimi nashauri waanzie kwingine: wasingoje Januari, na wasianze peke yao. Waanze sasa, wakiwa na majina ya watu mkononi.

Hata kalenda ya Kanisa haingoji Januari. Kwa makanisa yanayofuata majira ya liturujia, mwaka huanza Jumapili ya kwanza ya Majilio, yaani majira ya kujiandaa kwa Krismasi, ambayo huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Muumini anayepanga kuanza upya tarehe 1 Januari amekwisha kupitwa na wiki kadhaa za mwaka wake wa kiroho, tena wiki zilizowekwa makusudi kwa ajili ya kujiandaa.

Nikitaka kumwonyesha mtu namna watu wanavyohuisha imani pamoja, humfungulia kitabu cha Nehemia, sura ya 8 hadi ya 10. Waliorudi kutoka uhamishoni wanakusanyika siku ya kwanza ya mwezi wa saba, siku ambayo Wayahudi huiadhimisha hadi leo kama mwanzo wa mwaka wao. Ezra, kuhani na mwandishi, anawasomea Sheria tangu asubuhi hadi adhuhuri, wanaume, wanawake na wote wawezao kuelewa, na Walawi wanawafafanulia. Watu wanalia kwa yale waliyoyasikia. Hapo ndipo ninapopenda kusimama na kusoma polepole, kwa sababu viongozi wao wanawazuia wasilie. Wanawaambia waende wakale vizuri, wanywe vitamu, na wawapelekee sehemu wale ambao hawakuandaliwa kitu. Maungamo makubwa, pamoja na kufunga na kuvaa magunia, yanakuja siku ya 24 ya mwezi uleule. Baada ya maungamo ndipo wanapoandika agano na kulitia muhuri.

Angalia mpangilio huo. Kwanza neno la Mungu, likasomwa mbele ya wote. Kisha furaha, na mgawo kwa asiye na kitu. Toba ikafuata wiki tatu baadaye, na ahadi ikaja mwisho. Sisi tumeupindua: tunaanza na ahadi usiku wa manane, toba tunaipitia juujuu, na asiye na kitu hatumkumbuki kabisa. Naamini hiyo ndiyo sababu kubwa ya maazimio ya kiroho kufa kabla Februari haijaisha. Yanakosa mizizi kwa watu.

Jambo hili sikulijua kwa kusoma tu. Kuna kipindi kirefu nilimuuguza mama yangu mzazi, nikawa sitoki nyumbani ila kwa dharura. Nilikosa ibada, kisha kikundi cha maombi, kisha ikawa ndiyo hali yangu. Sala zangu zikawa maneno mawili matatu kando ya kitanda cha mgonjwa. Tulipokwisha kumzika, nilidhani kurudi kungekuwa rahisi, kumbe miguu ilikuwa mizito. Kila niliyekutana naye aliniambia, "Umepotea sana!" Walisema kwa upendo, najua, lakini mtu aliyechoka husikia hapo deni analodaiwa. Hata ningetaka kueleza, ningeanzia wapi, nimesimama mlangoni na watu wanapita?

Aliyenirudisha ni mama mmoja mtu mzima wa kikundi chetu. Alikuja nyumbani, akakaa, akanyamaza nami muda mrefu. Wakati wa kuondoka akasema, "Mwanangu, Jumamosi tunasafisha kanisa. Njoo unisaidie kupanga viti, mgongo wangu hauniruhusu." Hakuuliza nilikuwa wapi. Nilikwenda kwa sababu ya mgongo wake. Nilipanga viti, nikapewa ufagio, watu wakanisalimu huku mikono yao ikiwa na kazi, na hakuna aliyenitaka nieleze chochote. Jumapili yake nilikaa kwenye kiti nilichokipanga mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikaweza kuimba.

Kwa hiyo ukiwa ndiwe uliyekaa mbali, ushauri wangu ni huu: usirudi kwa kupitia ibada kubwa ya sikukuu. Siku hiyo kanisa limejaa, unaweza kuingia na kutoka bila mtu kukuona, ukarudi nyumbani mpweke kama ulivyokwenda. Rudi siku ya kawaida, kwenye maombi ya katikati ya wiki au kwenye jumuiya ndogo, mahali penye watu wachache wanaojuana kwa majina. Omba kazi ndogo ya mikono. Mwenye kazi hana haja ya kujitetea kwa nini yupo.

Na ukiwa ndiwe uliyebaki, kaa chini wiki hii uandike majina ya watu ambao zamani mlikaa nao mstari mmoja na sasa hawaonekani. Usianze na orodha ya kanisa zima, utachoka. Andika wale unaowajua wewe. Kisha watafute mmoja mmoja, kwa sauti yako au kwa miguu yako. Ule ujumbe wa heri ya mwaka mpya unaotumwa kwa watu wote mara moja, wenye picha ya mishumaa na maua, haumfikii mtu aliyeumia. Ukimpata, acha "umepotea" na "mbona hatukuoni". Mwambie jambo ulilokumbuka juu yake. Muulize habari za yule uliyemwacha mgonjwa, au za mtoto aliyekuwa anaanza shule. Mwombe akusaidie kitu cha kweli. Akisema hawezi kuja, mwulize kama unaweza kwenda kusali naye kwake, hata kwa dakika chache, na akikataa pia, mshukuru, umpigie tena baada ya sikukuu.

Nimemtafakari sana Tomaso katika hili. Tumezoea kumtaja kwa shaka yake, lakini Injili ya Yohana inasema jambo la mapema zaidi: jioni ile ya kwanza Yesu mfufuka alipowatokea wanafunzi, hakuwapo pamoja na wenzake. Sababu hatukuambiwa. Bwana mfufuka angeweza kumtokea popote alipokuwa, peke yake, akamaliza maswali yake palepale. Hakufanya hivyo. Alikuja baada ya siku nane, Tomaso akiwa ndani pamoja na wengine. Nawaheshimu sana wale kumi kwa siku hizo nane. Walikuwa na mtu katikati yao aliyewaambia wazi kwamba hasadiki ushuhuda wao, na hawakumfukuza. Kama wangemfungia mlango, ungamo lile kuu la "Bwana wangu na Mungu wangu" tungelisikia wapi?

Ndiyo maana siamini sana ushauri wa kumwambia mwenye imani iliyopoa aende ajifungie kwanza mpaka ipate moto, halafu ndipo arudi kwa watu. Yupo ambaye kweli anahitaji utulivu, na Bwana mwenyewe alijitenga kusali. Lakini aliyekaukiwa kabisa hana cha kujifungia nacho. Marko anasimulia habari za mtu aliyepooza, aliyechukuliwa na watu wanne wakatoboa dari ili wamshushe mbele ya Yesu, na anaandika kwamba Yesu aliiona imani yao. Yao, wale wabebaji. Ziko nyakati ambapo mtu husimama kwa imani ya wenzake, na hakuna aibu katika hilo. Kama leo huwezi kusali, waambie waziwazi wawili unaowaamini: salini kwa ajili yangu, mimi nitakaa tu nanyi.

Uzuri wa kikundi kidogo si ugunduzi wa juzi. Mwaka 1742, huko Bristol nchini Uingereza, wafuasi wa John Wesley, mhubiri aliyeanzisha Wamethodisti, walikuwa na deni la jengo lao. Wakakubaliana kila mtu atoe senti moja kwa wiki, na wakagawanywa katika makundi ya watu wapatao 12, kila kundi likiwa na kiongozi wa kuzikusanya. Viongozi walipopita nyumba kwa nyumba wakaanza kuona mambo ambayo ibada kubwa iliyaficha: ndoa zenye magomvi, watu waliolemewa na ulevi, wengine walioanza kukata tamaa. Wesley aliona kwamba kumbe hiki ndicho alichokuwa akikitafuta, na makundi yale yakawa uti wa mgongo wa Wamethodisti kwa miaka mingi. Deni lilianzisha, uangalizi ukabaki. Mara nyingi ninapoona jumuiya imelala, huwashauri watafute kazi moja halisi ya kufanya pamoja kabla ya kutafuta mada za semina.

Kuna suala la ugomvi, na hili siwezi kulipita haraka. Watu wengi hawajaacha kanisa kwa sababu ya mafundisho. Wamemwacha mtu fulani aliyekaa kwenye kwaya, au kwenye kamati, na kanisa likaenda pamoja naye. Yesu alisema kwamba ukiwa madhabahuni na sadaka yako ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka hapo, uende ukapatane naye kwanza. Desemba ina siku za kutosha kwa mapatano ya mtu mmoja. Nenda kwake, usitume mjumbe, na usiandike kwenye kundi la simu ambako wengine watasoma na kupiga makofi. Sema la kwako tu. Mengine muachie. Huenda asikupokee, lakini utakuwa umeiacha sadaka mahali pake.

Lakini nisieleweke vibaya. Yuko aliyeumizwa kweli ndani ya nyumba ya sala: aliyedhulumiwa fedha zake, aliyedhalilishwa mbele ya watu, hata aliyeguswa vibaya na mtu aliyepaswa kumlinda. Huyo asiambiwe arudi pale pale ili mwaka uanze kwa amani. Kusamehe hakumfungi mtu kukaa tena mikononi mwa aliyemdhuru, na kosa la jinai lina mahali pake pa kupelekwa. Kwa ndugu kama huyo, jumuiya ya kwanza inaweza kuwa watu wawili tu wanaomwamini na wanaokaa naye. Bwana aliahidi kuwa katikati ya wawili au watatu, na naichukua ahadi hiyo kama ilivyo.

Sasa niuseme mkesha wenyewe, maana naupenda. Wamoravia, jumuiya ya Kiprotestanti ya Herrnhut, Ujerumani, walikesha usiku wa kufunga mwaka tangu 1733, na Wamethodisti wakaipokea desturi ya kukesha wakaieneza. Tarehe 31 Desemba 1862, Wamarekani weusi, watumwa na walio huru, walikusanyika makanisani kungoja tangazo la Rais Lincoln la kuwaweka huru watumwa wa majimbo yaliyoasi, lililoanza kutumika siku iliyofuata. Nikikumbuka usiku ule, mkesha wa kupigiana kelele na fataki huniishia hamu. Wale walikesha pamoja kwa sababu walichokingoja kiliwahusu wote.

Na agano la pamoja nalo lina maandalizi yake. Agosti 1755 Wesley alipowaalika watu wake London kufanya agano na Mungu, alitumia asubuhi kadhaa kuwaeleza maana yake, wengi wakafunga siku ya Ijumaa, na Jumatatu jioni tarehe 11 wapatao 1,800 wakasimama kukubali. Baadaye Wamethodisti wengi waliihamishia ibada hiyo mwanzoni mwa mwaka. Hakuna aliyesimama bila kujua anaahidi nini.

Kwa hiyo kikundi chenu kikitaka kufanya agano mwaka huu, lifanyeni dogo na la kushikika, kama lile la Nehemia 10. Wale waliandika mambo yanayohesabika: theluthi ya shekeli kwa mwaka kwa ajili ya huduma ya nyumba ya Mungu, na kura za nani alete kuni za madhabahu, lini. Kuni! Sisi huandika "kumpenda Mungu zaidi", halafu hakuna anayejua kama imetimia. Andikeni nani atamtembelea mzee asiyeweza tena kutoka, na wiki gani. Nani atamchukua yule anayekosa ibada kwa kukosa usafiri. Zaburi ipi mtaisoma wote kila asubuhi kwa wiki ya kwanza, kila mtu kwake, ili mkikutana muwe na la kuzungumza. Mambo matatu yanatosha. La nne liacheni.

Kisha kabla hamjaachana usiku ule, mkiwa bado mmeshikana mikono na kupeana heri, fungueni kalenda muweke siku ya kukutana katika juma la pili la Februari. Wakati huo hamasa itakuwa imepungua, na kuna mmoja wenu atakuwa ameanza kukosa. Amueni mapema nani atakwenda kumwona, na mwambieni huyo mwendaji asiulize, "Ulikuwa wapi?"