Dada, hiyo milioni moja na nusu usiitume

Swali: Wakili, shikamoo. Mdogo wangu alihukumiwa miaka mitano na mahakama ya wilaya wiki mbili zilizopita. Kuna mtu anasema ana watu wake Ikulu, atamwingiza kwenye orodha ya msamaha wa Rais wa tarehe 9 Desemba kwa shilingi milioni moja na nusu. Ametukataza kukata rufaa, eti Rais hamsamehi anayebishana na mahakama. Tufanyeje?

Jibu: Marahaba, dada. Pesa usitume. Rufaa ndiyo mshughulikie leo.

Mamlaka ya kusamehe Rais anayo kweli. Ibara ya 45 ya Katiba ya Tanzania inamruhusu kumsamehe aliyetiwa hatiani, kumbadilishia adhabu iwe nyepesi, au kumfutia adhabu yote au sehemu yake. Lakini tangazo la sikukuu kwa kawaida hutaja makundi: wazee wa miaka 70 na zaidi, wenye magonjwa yaliyofika hatua ya mwisho, wajawazito, wanaonyonyesha. Hutaja pia makosa yasiyoguswa. Kisha Magereza hupitia kumbukumbu za wafungwa kuona nani anaangukia wapi. Dalali hana pa kuingilia hapo.

Kinachonikera zaidi ni hiki. Mfungwa mwenye tabia njema tayari ana punguzo la kawaida la theluthi moja ya kifungo, kwa sheria, bila kumwomba mtu. Miezi 60 inakuwa 40. Kishoka, yaani dalali wa uongo kama huyo, anaijua hesabu hiyo. Anachukua pesa, anasubiri, kijana akitoka kabla ya miaka mitano anakuja kudai shukrani. Mama mmoja aliniletea barua aliyouziwa na mtu wa aina hiyo: nembo ya taifa imefifia, kopi ya kopi, na chini ya sahihi namba ya simu ya mkononi. Alikuwa ameiweka ndani ya Biblia mwaka mzima. Mwaka huo mzima hakuna aliyemkatia mwanawe rufaa.

Watu wamejiaminisha kwamba Rais yuko juu ya hukumu, kwa hiyo mahakama ni kupoteza muda. Sivyo. Ibara ya 107A inaipa Mahakama kauli ya mwisho katika utoaji haki. Rais akisamehe anaondoa adhabu, hatia inabaki kwenye jalada. Rufaa ikishinda, hatia yenyewe inafutwa. Kila mtu anakumbuka mwanamuziki Babu Seya na mwanawe Papii Kocha, waliokuwa wamefungwa maisha, walivyotoka kwa msamaha wa Desemba 2017. Wachache wanakumbuka kwamba watoto wake wengine wawili, waliohukumiwa pamoja naye, waliachiwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2010, miaka saba kabla. Na baba mwenyewe alikuwa amekata rufaa hadi ngazi ya mwisho, na msamaha haukumpita. Hilo la kumuudhi Rais ni uongo mtupu.

Sasa nendeni gerezani mkamuulize mdogo wako kama aliweka sahihi au dole gumba kwenye taarifa ya kusudio la kukata rufaa. Muda wake ni siku 10 tangu hukumu. Kama aliweka, sababu za rufaa zinatakiwa ndani ya siku 45, bila kuhesabu siku za kusubiri nakala ya mwenendo wa kesi na hukumu, na anaweza kuziwasilisha kupitia mkuu wa gereza. Kama hakuweka, ombeni Mahakama Kuu iwaongezee muda, mkiwa na sababu ya maana. Kumsubiri mtu wa Ikulu si sababu ambayo jaji ataipokea, kwa hiyo kila wiki mnayomsikiliza inawaumiza.

Na nyie wenye ndugu mahabusu mnaochangishwa ili "Rais afute kesi": Ibara ya 45 inamhusu aliyekwisha kutiwa hatiani. Kesi ambayo haijaamuliwa huondolewa na Mkurugenzi wa Mashtaka, na hata akiiondoa, mshtakiwa anaweza kukamatwa tena kwa kosa lilelile. Nimemwona kijana akikumbatiwa na dada zake nje ya chumba cha mahakama, na askari wamesimama hatua tatu nyuma yao wakisubiri amalize. Familia ilikuwa imeuza shamba kumlipa aliyewaahidi kwamba yamekwisha.